Safari ya Pangani na ajenda tuliyoiahirisha

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Wasomaji wa ukurasa huu wa familia wamezoea kupata humu nasaha za malezi na ndoa kutoka kwa masheikh waliotuzidi kwa elimu na umri. Leo tunaomba ruhusa tusimulie jambo dogo: safari ya siku moja, kwa pikipiki, kutoka Tanga mjini hadi Pangani, kwenda kula chakula cha mchana na kurudi. Tuliondoka nyumbani tukidhani tunamtendea hisani mama watoto wetu. Tulirudi tukiwa wadaiwa.

Ahadi ya safari ile ilikuwa na umri wa miaka minne. Kila tulipopanga siku, palitokea kikao, msiba au nikaha, na kazi ya ukatibu wa msikiti haina saa ya kufunga ofisi. Kisa cha Salman na Abu Dardai (R.A.) tulikuwa tukikisomesha darasani: namna Salman alivyomkumbusha nduguye, aliyezama katika ibada hadi akamsahau mkewe, kwamba watu wa nyumbani nao wana haki yao. Tulikisomesha vizuri, kisha tukarudi nyumbani usiku na kukuta watu wamelala.

Hatimaye Jumapili moja watoto waliachwa kwa bibi yao. Pikipiki ya msikiti hatukuigusa, kwani ni mali ya waqfu na safari ilikuwa yetu. Tuliazima ya shemeji yetu, tukajaza mafuta kwa fedha ya mfukoni. Mama watoto alivaa suruali pana ndani, akalikunja na kulibana baibui lake lisije likanaswa na gurudumu, na kila mmoja akavaa kofia yake ngumu.

Kutoka Tanga hadi Pangani ni kilomita zipatazo 50. Njiani tulisimama Tongoni, palipo na magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya Waislamu waliotutangulia karne nyingi zilizopita. Tuliwatolea salamu, tukawaombea dua, tukaendelea kupita minazi na mashamba ya mkonge. Pangani tulifika kabla ya adhuhuri. Tulitembea ukingoni mwa mto, maji yaliyoanzia huko Kilimanjaro na Meru yakiingia baharini mbele ya macho yetu, na kivuko kikiwapeleka watu Bweni na kuwarudisha. Tulimkumbusha mwenzetu kwamba ni katika mji huu Abushiri bin Salim alinyongwa na Wajerumani mwaka 1889. Alisikiliza, akasema, "Baba watoto, leo usinisomeshe. Tutembee tu." Tukanyamaza, tukatembea.

Adhana ilipoadhiniwa, sisi tuliosoma chuo tulikwisha kupiga hesabu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii huweka masafa ya msafiri kuwa zaidi ya kilomita 80, nasi hatukuyafikia. Kwa hiyo hapakuwa na ruhusa ya kufupisha wala kuchanganya. Adhuhuri ingeswaliwa kwa wakati wake, rakaa nne. Hesabu ile tuliifanya kwa ajili ya nafsi yetu. Kwa ajili ya mwenzetu hatukuifanya.

Kwenye msikiti tuliouendea tuliuliza sehemu ya wanawake, tukaambiwa kwa upole kwamba haipo. Tukaingia, tukaswali jamaa, tukaleta nyiradi zetu bila haraka. Tulipotoka tulimkuta mama watoto amesimama chini ya mwembe kando ya pikipiki, kofia mbili mikononi, akiwapisha wanaume waliokuwa wakitoka. Hakulalamika. Aliuliza tu, "Twende tukale?"

Mgahawa ulikuwa mdogo, wa mabati, wenye meza nne, nao uliendeshwa na mama wa makamo. Tulimwamkia, akaitikia marahaba na kutukaribisha. Tuliagiza wali wa nazi, changu wa kukaanga, mchuzi, kachumbari na juisi ya ukwaju. Alipokuwa akitumiminia maji ya kunawa, alituuliza kama anavyouliza mzazi, "Mmeshaswali, wanangu?"

Mama watoto akajibu, "Mwenzangu ameswali."

Yule mama aliweka birika chini. Hakutuangalia sisi, alimshika mkono mgeni wake, akamwingiza nyuma ya pazia la kanga. Tuliletewa chakula, nasi tukakifunika kwa sahani, tukangoja. Aliporudi, uso wake ukiwa bado na maji ya udhu, alitueleza alichokiona: ndoo ya maji na kata, kibao cha kusimamia, mkeka safi, kanga mbili zilizokunjwa na alama ya kibla ukutani. Mwenye mgahawa alimwambia kwamba aliitenga pembe ile kwa ajili ya wanawake wanaongoja kivuko, wengine wakiwa na wagonjwa, wengine na mizigo ya sokoni, maana aliona muda wa swala unawapita wakiwa wamekaa.

Tulimwuliza mwenzetu, "Tunapokwenda mjini, au unaposhinda hospitali na mtoto, swala ya adhuhuri huiswali wapi?"

Alichambua samaki wake kidogo, kisha akasema, "Nikifika nyumbani. Mara nyingine alasiri imekwisha kuingia, naanza kulipa. Nilidhani unajua."

Hatukuwa tunajua. Miaka tisa ya ndoa, na mkuu wa nyumba ni katibu wa msikiti. Wali ulikuwa mtamu, lakini tuliumeza kwa shida.

Usiku ule tulifungua daftari la kumbukumbu za vikao. Ajenda ya sehemu ya wanawake na bomba lao la udhu ilikuwa imeletwa mara tano. Mara zote tano, kwa mwandiko wetu wenyewe, palikuwa na neno moja: "imeahirishwa". Katika muda huohuo tulikuwa tumenunua spika mpya, tumepaka rangi na kubadilisha zulia, na yote hayo tulikuwa tumeyaandika kwa mwandiko mzuri.

Katika kikao kilichofuata tuliisimulia safari hii. Mzee mmoja tunayemheshimu alikumbusha kwamba swala ya mwanamke nyumbani kwake ni bora. Tulimkubalia, kwani ndivyo tulivyofundishwa. Lakini Mtume (S.A.W.) pia alikataza kuwazuia wanawake wasiende misikitini, na aliye safarini, au aliyetoka hospitali na mtoto mgongoni, nyumba yake iko mbali na wakati haumngojei. Mzee alifikiri, kisha akauliza, "Ile stoo ya mikeka mibovu inafungwa kwa nini?"

Stoo imekwisha kusafishwa. Ina mlango wake wa upande, na mkeka umetandikwa. Bomba bado, fedha haijatimia, na kwa sasa yamewekwa mapipa mawili ya maji ambayo vijana huyajaza kila asubuhi. Si kazi ya kujisifia. Mama mmoja wa Pangani aliimaliza kwa ndoo na pazia, bila kamati.

Ndugu zetu katika imani, na hasa sisi tunaoshika kalamu na funguo za misikiti: jioni ya leo mwulizeni mke, mama au dada swali tulilochelewa kuuliza. Kisha nendeni msikitini kwenu, mzunguke ukuta wote kwa nje, mtazame mgeni mwanamke anayepita njia angeingilia wapi. Nanyi mlioahidi safari, itimizeni, hata kama ni ya sahani moja ya wali. Huenda mkajua huko jambo ambalo nyumbani hamkupata nafasi ya kuambiwa.

Wabillahi tawfiq.