Kesi Ilikuwa ya Nani?

Watu wakisikia kwamba mtu amesomea shahada ya pili katika elimu ya uhalifu na haki, hudhani amesomea upelelezi. Wengine huniuliza kama naweza kumtambua mwizi kwa kumtazama usoni. Swali hilo si la kipuuzi kama linavyoonekana, maana mwaka 1876 daktari mmoja wa Italia, Cesare Lombroso, alichapisha kitabu kizima akidai kuwa wapo wahalifu wa kuzaliwa, na kwamba taya, paji la uso na masikio yao huwataja. Tulimsoma kwa wiki moja, kisha tukamwacha. Nadhani walimu wetu kule Uingereza walitaka tujue taaluma yetu ilikotoka, tusije tukajivuna.

Aliyenishika mimi ni mtu mwingine, Nils Christie, profesa wa Chuo Kikuu cha Oslo, aliyefariki mwaka 2015. Mwaka 1976 alialikwa Sheffield kutoa mhadhara wa kuzindua kituo cha elimu ya uhalifu, naye akaanza kwa kuwaambia wenyeji wake kwamba pengine vituo vya namna hiyo vingefaa kufungwa badala ya kufunguliwa. Mhadhara huo ulichapishwa mwaka uliofuata. Nilikuwa nikiusoma maktabani, koti mwilini, nikakuta kwamba mfano wake wa kwanza hautoki Oslo wala London. Unatoka katika kijiji kimoja cha mkoa wa Arusha.

Kisa chenyewe ni kidogo. Wachumba wameachana, na mwanamume anadai arudishiwe alivyotoa. Dhahabu na fedha hazikuleta taabu; utata ulikuwa katika vitu vilivyokwisha kutumika na gharama za hapa na pale. Wenye kesi wako katikati ya chumba, ndugu zao wamewazunguka na kuchangia, wengine wanasikiliza na kucheka. Mahakimu watatu wapo, makatibu wa chama, lakini karibu hawana kazi, kwa kuwa mambo ya kijiji wanayajua wengine. (Nilitamani kujua binti yule alirudi nyumbani na moyo gani. Hilo halimo.) Kutokana na hayo Christie alijenga hoja yake, kwamba ugomvi ni mali ya waliogombana, na kwamba katika nchi kama yake mali hiyo imeibwa na wanasheria na wataalamu. Aliyedhulumiwa hupoteza mara mbili: kwanza kwa mhalifu, kisha kwa dola, inayomsukuma pembeni na kuichukua kesi yake.

Wenzangu darasani waliisoma kama hadithi ya mbali. Mimi nilimkumbuka mjomba wangu huko Usukumani, aliyeibiwa ng'ombe wanne. Mwizi alikamatwa, akashtakiwa, akafungwa miaka mitano. Katika jalada mjomba ni shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, basi. Alieleza rangi za ng'ombe wake na alama zao, akaambiwa ashuke kizimbani. Sheria yetu inamruhusu hakimu kuamuru fidia, lakini siku ile hakuna aliyeitaja, na mjomba hakujua kwamba inaweza kuombwa. Alirudi nyumbani kwa miguu, ameshinda kesi.

Hata hivyo, mtu wa Usukumani hawezi kumpokea Christie mzimamzima. Sisi tumeona ugomvi ukirudishwa kwa wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera, bunduki zilikuwa zimezagaa na ng'ombe wakiporwa ovyo, ndipo wanavijiji wa Unyamwezi na Usukuma wakaunda sungusungu, kwa pinde, mishale na filimbi. Hawakungoja polisi. Aliyeonekana mwizi alitozwa faini au alitengwa, asisalimiwe wala kusaidiwa kwa lolote. Wizi ulipungua, na wapo wazee wanaoisifia kazi ile mpaka leo. Mwaka 1989 sheria ikawapa walinzi hao madaraka ya kukamata. Lakini wapo walioteswa mpaka wakakiri wasilolitenda, na wapo vikongwe walioandamwa kwa uchawi, kisa macho mekundu, macho yaliyowekundishwa na moshi wa mafiga kwa miaka mingi. Huko nako majirani wote walikuwa wajuzi wa mambo ya kijiji. Huko nako watu walijaa kusikiliza.

Nikamwuliza msimamizi wa utafiti wangu, Mwingereza mpole asiyependa kutoa majibu: ikiwa kijiji ndicho chenye ugomvi, yule anayeogopwa na kijiji ataegemea wapi? Akasema nirudi nikamsome Christie mpaka mwisho.

Naam, mwishoni limo. Mahakama anayoipendekeza Christie ina hatua zake, na mpangilio wake una maana. Kwanza kabisa ithibitishwe kwamba sheria imevunjwa na kwamba aliyeshikwa ndiye. Hapo hakuna mzaha, na kelele za majirani hazitoshi. Likishathibitika hilo, wala adhabu haijaguswa, huja hatua ya pili: hali ya aliyedhulumiwa ichunguzwe kwa kirefu, na ijulikane nini kifanywe kwa ajili yake, hasa na mkosaji mwenyewe. Sungusungu waliiruka hatua ya kwanza. Mahakama iliyomsikiliza mjomba iliiruka ya pili. Tasnifu yangu haikuwa na jambo kubwa zaidi ya hilo, ingawa ilinichukua kurasa nyingi kulisema.

Niliporudi nilimweleza mjomba habari za hatua hiyo ya pili. Nilidhani ataniuliza juu ya fidia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kama angepewa nafasi, angemwuliza kijana yule jambo moja tu: yule mtamba mwekundu, aliyekuwa na mimba, alimwuza mnada gani.