Barua kwa Mpwa Mwenye Miwani ya Manjano

Mpwa mpendwa,

Ng'ombe amezaa ndama jike, karo ya mdogo wako imelipwa nusu, na mwalimu mkuu amekubali kungoja. Hayo yatosha. Kilichomfanya mjomba wako atafute kalamu kabla ya jua kuchomoza ni habari aliyoileta utingo mmoja hapa steji ya Nkubu: kwamba siku hizi unaendesha pikapu ya miraa usiku ukiwa umevaa miwani ya manjano, uliyoinunua dirishani kwa mchuuzi pale Makutano, injini ikinguruma. Na kwamba unajisifu, ati inakata taa za malori na kuugeuza usiku kuwa jioni.

Wanaojisifu hivyo ni wengi, na si wajinga. Taa kali ikipita kwenye lenzi ya manjano huonekana imepoa, dereva naye hutulia. Tatizo ni kwamba rangi hupunguza mwanga wote, ule unaokuudhi na ule unaokuonyesha bodaboda isiyo na taa. Mwaka 2019 jarida la tiba ya macho la Marekani lilichapisha jaribio la Alex Hwang na wenzake wa Boston. Waliwaketisha watu kwenye mtambo unaoiga gari la usiku, wakawamulika kama gari linavyomulika likija mbele, kisha wakapima wanavyomtambua mtu anayetembea barabarani. Miwani ya manjano haikuwaongezea chochote. Mchuuzi wa Makutano hana habari hiyo, wala hakupima jicho lako hata moja. Alipima haraka yako.

Na barabara yenyewe unaijua. Kutoka Maua ushuke Meru, upite hapa Nkubu (bila hata honi ya salamu, lakini hilo tuliache), Igoji, kisha ule mteremko wa daraja la Nithi kabla ya Chuka. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Habari za siku ile zilikuwa za breki, hakuna aliyetaja macho, na mjomba wako hatatia maneno yake. Anasema tu kwamba mahali pale hapahitaji dereva anayekisia.

Kukisia kuliwahi kuigharimu familia hii. Marehemu kaka mkubwa wa mamako alikuwa dereva wa lori la kahawa, akibeba magunia kutoka vyama vya ushirika vya Meru hadi Nairobi. Alisifiwa kwamba barabara anaijua kwa harufu. Mchana hakuna aliyemshuku. Usiku utingo wake hakukaa nyuma juu ya magunia kama wenzake. Alikaa mbele, na kazi yake ilikuwa kutaja: kona, ng'ombe, daraja, kona tena. Watu walidhani ni urafiki. Usiku mmoja utingo alishikwa na homa akabaki Chuka, na kaka akaendelea peke yake kuelekea Embu. Mbele ya Runyenjes kulikuwa na lori limeharibika, halina taa hata ya nyuma. Dereva wake alikuwa amefanya ilivyo desturi: amekata matawi na kuyapanga juu ya lami, moja hapa, jingine hatua kadhaa nyuma, hadi mbali. Kila dereva wa Kenya anayasoma matawi hayo. Kaka aliyasikia yakivunjika chini ya magurudumu. Alikata usukani, lori likalala ubavu kwenye ukingo, magunia yakapasuka na kahawa ikamwagika barabarani kama changarawe. Alivunjika mtulinga. Hakuna aliyekufa.

Lawama ziligawanywa: lori bovu, giza, hata jirani ambaye ukoo ulikuwa na kesi naye ya mpaka. Hospitalini muuguzi alimsimamisha mbele ya ubao wa herufi, ule aliouunda daktari Herman Snellen wa Uholanzi mwaka 1862. Ya juu aliisoma kwa sauti. Katikati akaanza kubuni. Walipompima vizuri ilikuwa hasi moja na robo jicho la kulia, hasi moja la kushoto, na silinda kidogo. Namba ndogo! Mchana mboni hujibana na kasoro kama hiyo hujificha. Giza likiingia mboni hupanuka, na kasoro nayo hujitokeza. Alipopata miwani yake, jambo la kwanza alilogundua ni kwamba miaka yote ile utingo alikuwa akitaja kona kwa kuchelewa.

Baba yako ndiye aliyembandika jina la Macho Manne, tena mbele ya wageni, akiwa bado na deni la mbuzi wawili wa mahari. Mbuzi hao hawajafika hadi leo. Lakini kaka aliivaa miwani ile hadi alipostaafu.

Basi kabla ya kuchagua miwani, chagua kupimwa. Kitengo cha macho kipo katika hospitali ya rufaa ya Meru na pia hospitali kuu ya Embu, na zote ziko kwenye njia yako. Usiende umetoka zamu na macho mekundu, lala kwanza. Utapewa karatasi yenye safu mbili, jicho la kulia na la kushoto. Namba yenye alama ya kutoa ni ya asiyeona mbali, ya kujumlisha ni ya asiyeona karibu au mwenye jicho linalojikaza kupita kiasi. Safu ya silinda ni ya jicho ambalo kioo chake cha mbele hakikujipinda sawasawa pande zote, na digrii zinazofuata, kati ya 1 na 180, humwambia fundi aielekeze wapi. Mwenye silinda isiyorekebishwa huona taa za gari zikitawanyika kuwa michirizi. Huenda hizo ndizo taa unazodhani zinahitaji manjano. Hakikisha pia wamepima umbali kati ya mboni zako, maana lenzi nzuri iliyokaa kando ya mboni huleta kichwa kuuma.

Ukishapata namba, dereva wa umri wako anahitaji lenzi ya kazi moja, ya kuona mbali, isiyo na rangi, iliyopakwa dawa ya kuzuia mng'ao. Hapo ndipo pa kutia pesa. Lenzi tupu hurudisha karibu asilimia 8 ya mwanga unaoifikia. Iliyopakwa hupitisha karibu wote, na ndiyo sababu inafaa usiku kuliko kioo chochote cha rangi. Muuzaji atakusukumia mengine. Ile inayobadilika rangi juani haifanyi kazi vizuri ndani ya gari, kwa kuwa kioo cha mbele cha gari huzuia mionzi inayoiamsha. Ile ya kuzuia mwanga wa buluu wa simu ilichunguzwa kwa majaribio 17 katika mapitio ya Cochrane ya mwaka 2023, na watafiti hawakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho. Fremu isiwe na mikono minene inayokuzibia pembeni. Na matone ya macho mekundu usiyanunue bila cheti cha daktari: yenye steroidi yanaweza kupandisha presha ya jicho kimyakimya hadi uone umechelewa. Ukigunduliwa una sukari, ishushe kwanza kabla ya kukata lenzi, kwani sukari ikipanda na kushuka namba nayo huhama.

Mamako kule Mungania ni habari nyingine. Amepita arobaini, mbali anaona hadi Mwea, lakini kuchuma majani mawili na chipukizi kumekuwa kwa kupapasa. Yeye miwani ya kusomea iliyo tayari inaweza kumtosha akishachunguzwa, mradi macho yake mawili yalingane na yasiwe na silinda, kwa sababu miwani ile ina nguvu moja pande zote. Huko Assam, India, wachumaji chai 751 wenye miaka 40 na zaidi walishirikishwa katika jaribio lililochapishwa mwaka 2018. Waliopewa miwani ya karibu waliongeza mavuno kwa asilimia 39 hivi, wasiopewa 18. Mpeleke siku hiyo hiyo unayokwenda wewe.

Maana utakwenda. Mjomba wako ameshazungumza na mwenye pikapu, na Alhamisi hutapangiwa safari. Nauli ya mamako ipo kwa mwenye duka la mbolea. Ukitoka hospitalini, piga picha karatasi ya vipimo uitume kwa simu ya mdogo wako, naye ataisoma kwa sauti, pamoja na safu ya silinda. Ile ya manjano mpe mdogo wako achezee.

Mjomba wako,
Nkubu