Kozi za Mtandaoni si Mteremko, Jipange Mapema

Nimekuwa kimya kidogo, majaribio yalinibana mpaka basi. Leo nina hoja moja tu, tena naomba tuijadili kwa uzito: hizi kozi za mtandaoni.

Hapa kampasi kuna imani kwamba ukipata kozi ya mtandaoni umeula. Huamki alfajiri kuwahi kiti, hugombei daladala, mhadhiri hakuoni ukisinzia. Ni kweli, hakuoni. Ila hata ukipotea hakuoni! Mwaka 2011 Sebastian Thrun na Peter Norvig walifungua kozi ya akili bandia kwa dunia nzima kupitia Stanford. Wakajiandikisha watu zaidi ya 160,000, wakamaliza kama 23,000. Halafu mwaka 2019 watafiti wawili, Justin Reich na José Ruipérez-Valiente, walichapisha kwenye jarida la Science hesabu za kozi za MIT na Harvard zilizokuwa edX: mwaka 2017-18 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 tu ya washiriki wote. Haya, zile zilikuwa za wazi, wengi walikuja kuchungulia. Lakini nikikumbuka kwamba hakuna aliyewafukuza, nashtuka. Waliyeyuka kimya kimya.

Kwa nini linanigusa? Dada yangu anafundisha shule ya msingi huko Makete. Mwaka huu ameamua kusoma digrii kwa masafa huku anafundisha, na ada ya kuanzia kaikopa kwenye kikoba. Akanipigia simu: "Mdogo wangu, wewe si unasomea ualimu? Niambie nijiandaeje." Deni la kikoba halina mchezo jamani. Umalize usimalize, akina mama wanataka hela yao. Kwa hiyo nilikaa chini nikafikiri sawasawa, na haya ndiyo niliyomwambia. Nawapa na nyie.

Kwanza, hesabu saa kabla hujahesabu kozi. Kwa utaratibu wa TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Zigawe kwa wiki 15 za muhula, unapata saa 8 kila wiki kwa kozi moja. Dada alikuwa amepanga kuchukua tano. Hizo ni saa 40, yaani ajira nyingine nzima juu ya ile aliyonayo, na watoto wawili wanasubiri ugali. Amepunguza. Atachelewa kumaliza, lakini bora kuchelewa kuliko kudisko na deni mkononi.

Pili, hizo saa zipe siku na majina. "Nitasoma nikipata nafasi" maana yake hutasoma. Kwenye lekcha ratiba unapangiwa na chuo, huku unajipangia mwenyewe, na wa nyumbani wasipoijua wataivunja bila kukusudia. Iandike, ibandike ukutani, mwambie hata mzee.

Tatu, ujue chombo kabla ya safari. Vyuo vingi vinatumia Moodle. Aliyeibuni, Martin Dougiamas wa Australia, alikulia jangwani na kusoma shule kwa redio, basi labda ndiyo maana kuna programu yake ya simu inayokuruhusu kupakua masomo ukayasoma bila mtandao. Bando likiwepo, pakua ya wiki nzima. Halafu fungua vitufe vyote wiki ya kwanza, kabla presha haijaanza. Kuna mahali ukipakia kazi inabaki rasimu mpaka ubonyeze tena kuikabidhi. Jaribio la muda nalo saa yake haisimami eti kwa sababu umeme umekatika. Hivyo usisubiri saa sita kasoro usiku, chaji simu ya akiba, na kazi kabidhi jana yake.

Nne, acha kusoma kwa macho tu. Video ukiitazama mara tatu unajiona umeiva, kumbe umeizoea sura. Roediger na Karpicke walilipima hili mwaka 2006: wanafunzi waliosoma kifungu kisha wakajipima kwa kukumbuka, baada ya wiki walikumbuka asilimia 56. Waliosoma na kurudia kusoma, 42. Cha kuchekesha, baada ya dakika tano waliorudia ndio waliokuwa mbele! Ndiyo maana madesa ya usiku wa mtihani yanatudanganya. Funga simu, chukua karatasi, andika ulichokumbuka, ndipo ufungue tena uone ulipoachia.

Tano, tafuta watu. Kuna mtaalamu wetu wa elimu masafa, Michael Moore, anafundisha kwamba umbali unaoumiza si wa kilomita, ni ule wa kuelewana kati ya mwalimu na mwanafunzi. Unaweza kukaa kiti cha mbele Mlimani ukawa mbali, na ukakaa Makete ukawa karibu. Umbali huo unapunguzwa kwa kuuliza. Mwandikie mhadhiri wiki ya kwanza, jitambulishe, uliza swali moja la maana. Tafuta wenzako watatu wa kozi hiyo hiyo, mpigiane kila Jumapili. Ukikosa wiki moja, atakayekutafuta ni wao, si mashine.

Na wala tusijifanye haya ni mageni. Chuo Kikuu Huria sheria yake ilipitishwa mwaka 1992, na Mandela alipata shahada yake ya sheria ya UNISA mwaka 1989 akiwa bado mfungwa. Kusoma mbali na mwalimu kunawezekana sana. Ila anayesoma peke yake lazima awe mwanafunzi, monita na mwalimu wa zamu kwa mpigo.

Sisi wa ualimu tulitazame hili mara mbili, maana kesho ndio tutakaokuwa upande wa pili wa kioo. Mwanafunzi akikaa kimya wiki mbili, tutamtafuta au tutasubiri jina lake lidondoke lenyewe?

Nyie mnajipangaje? Mwenye mbinu nyingine anipe, nitampelekea dada. Msuli mwema wadau!