Kutoka Mwembe Tayari hata Makka: Hesabu za Msafiri wa Gari la Moshi

Mtu akitoka Mji wa Kale wa Mombasa, akaivuka Digo Road na kuelekea upande wa Makupa, hufika mahali paitwapo Mwembe Tayari. Yasimuliwa na wazee kuwa zamani palikuwa na mwembe mkubwa, na chini ya kivuli chake wapagazi wa misafara ya bara walikusanyika, wakafunga mizigo, wakangoja neno moja tu la mkuu wao: tayari. Leo mahali pa wapagazi pana mabasi. Yako yaendayo Nairobi, yako ya Malindi na Lamu, na yako yavukayo mpaka wa Lunga Lunga kwenda Tanga na Dar es Salaam. Wachuuzi huuza maji, mahamri na kahawa, mikokoteni hupenya kati ya tuktuk, na makuli hugombea masanduku ya abiria kabla abiria wenyewe hawajashuka. Si mbali na hapo zasimama sanamu za askari, ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Wengi wao hawakurudi kuuona tena mji huu.

Reli nayo ilikuwa jirani ya mahali hapa. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1899 vyuma vikafika Nairobi, na mwaka 1901 vikafika Kisumu penye ziwa. Stesheni ilijengwa kisiwani humo humo, mwisho wa barabara iitwayo leo Haile Selassie. Kwa zaidi ya miaka mia msafiri wa Mombasa hakuwa na haja ya kufanya hesabu kubwa. Alikula chakula chake cha jioni nyumbani, akampa hamali sanduku, akatembea kwa miguu hata stesheni, akalala garini, na asubuhi akaamka yu karibu na Nairobi. Gari likichelewa, na mara nyingi lilichelewa, hasara yake ilikuwa ni kukosa chai ya asubuhi kwa ndugu zake.

Tarehe 31 Mei 2017 ilifunguliwa reli mpya, ile ambayo watu huiita SGR, yenye urefu wa kilomita zipatazo 470 kati ya Mombasa na Nairobi. Gari lake, ingawa watu wangali wakiliita la moshi, laenda kwa mafuta ya dizeli, na safari iliyokuwa ya usiku kucha imekuwa ya saa tano au sita. Hiyo ni neema ambayo haifai kubezwa. Lakini stesheni yake ya Mombasa haiko kisiwani. Iko Miritini, bara, ng'ambo ya Makupa na Changamwe, katika njia ile ile ya malori yanayotoka bandarini. Na stesheni yake ya Nairobi haiko mjini, iko Syokimau. Basi safari iliyokuwa kipande kimoja imekuwa vipande vitatu: cha barabara, cha reli, na cha barabara tena. Kwa mtu aendaye kumtazama nduguye hayo si mambo makubwa. Kwa mtu aendaye kupanda ndege ni mambo makubwa sana, kwa kuwa ndege haimngoji mtu, na tikiti ya ndege aghalabu ni akiba ya miaka.

Watu wengi wa Mombasa siku hizi hupita njia hiyo kwenda Umra. Ni kweli kuwa Mombasa ina uwanja wake wa ndege wa kimataifa, uitwao Moi, kiasi cha kilomita kumi kutoka mjini, na mwenye kupata ndege ya kumfaa hapo hana sababu ya kusumbuka na Nairobi. Lakini ndege nyingi za Jeddah huondoka Nairobi, na bei nayo humwamulia mtu.

Mwenye kupanga safari hiyo yafaa aanze kuhesabu kutoka mwisho, si kutoka mwanzo. Aitazame kwanza saa ya ndege, arudi nyuma saa tatu kwa ajili ya ukaguzi wa uwanjani, arudi tena kwa ajili ya njia ya kutoka Syokimau, kisha ndipo achague gari la moshi. Wengi hufanya kinyume. Huchagua gari kwa kuwa saa yake ni nzuri, halafu huomba Mungu ndege iafikiane nalo.

Chukua mfano wa bibi mmoja wa Majengo aliyenunuliwa tikiti na wanawe, na mjukuu wake aliyesoma akiwa ndiye msimamizi wa safari. Tikiti imeandikwa Ijumaa, 01:10.

"Bibi, ndege ni Ijumaa. Tutaondoka hapa Ijumaa asubuhi, na usiku utaruka."

"Mjukuu wangu, usiku wa Ijumaa ni upi?"

"Ni Ijumaa usiku, bibi."

"La, mwanangu. Usiku wa Ijumaa ni huu wa kuamkia Ijumaa. Alhamisi jua likitua, ndio huo umeingia."

Na bibi ndiye aliyepata. Saa 01:10 ya Ijumaa ni saa saba na dakika kumi usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa hesabu ya watu wa pwani, ambao usiku kwao hutangulia mchana wake, jambo hilo halina utata wowote. Aliyesoma shuleni ndiye angefika uwanjani siku nzima baada ya ndege kuondoka. Lakini hesabu hiyo hiyo yaweza kumgeukia bibi katika reli. Gari la usiku huandikwa 22:00, yaani saa nne usiku. Akiagiza akatiwe tikiti ya "usiku wa Ijumaa" naye anakusudia Alhamisi, karani atamkatia ya Ijumaa. Heri kutaja tarehe ya mwezi, na kuisoma tikiti kwa sauti, mzee na kijana wakisikilizana, kabla ya fedha kulipwa.

Sasa lipi gari la kumfaa bibi huyu? Kwa ratiba iliyozoeleka miaka ya karibuni, magari ya abiria huondoka Miritini saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri, na saa nne usiku. Yampasa awe uwanjani Alhamisi saa nne usiku. Gari la saa tisa alasiri hufika Syokimau baada ya saa mbili usiku, na kwenye karatasi hesabu yatimia. Lakini yatimia pasipo nafasi ya jambo lolote kuharibika: gari likisimama njiani kwa saa moja na nusu, umra umepotea. Gari la asubuhi, lile linalosimama katika stesheni za kati kama Voi, Mtito Andei na Emali, hufika yapata saa nane mchana. Atakaa kitako uwanjani saa nyingi, na miguu itamvimba, lakini atakuwapo. Kwa mzee mwenye safari ya mara moja katika umri wake, gari la asubuhi ndilo gari. Kijana aendaye kazini Dubai na awezaye kukimbia na sanduku, huyo na ajichagulie mwenyewe.

Ili kulipata gari la saa mbili, na aondoke Mwembe Tayari saa kumi na mbili asubuhi. Daraja jipya la Makupa lililofunguliwa 2022 limesaidia, lakini lori moja likiharibika Changamwe, daraja halina msaada. Tena Miritini si mahali pa kufika na kupanda. Abiria huonyesha kitambulisho au pasi. Mizigo hupangwa chini kwa safu, mbwa wa polisi wakainusa. Kisha hupitishwa katika mtambo wa kuikagua. Kwa sababu ya mbwa hao, wengi waendao Umra hufunga nguo zao za ihramu ndani ya mfuko wa nailoni uliokazwa vizuri, na hiyo ni busara. Nauli ilipandishwa Januari 2024, ya daraja la chini kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Tikiti hununuliwa kwa simu ya mkononi, na siku za Idi na kufunga shule hujaa mapema, kwa hiyo anayengoja wiki ya mwisho asije akamlaumu karani.

Syokimau ndipo penye mtego mwingine. Abiria wakishuka, umati huvutwa na gari dogo la kuunganisha liendalo stesheni ya kati ya Nairobi. Msafiri wa ndege asiufuate umati. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko karibu na Syokimau kuliko mji ulivyo. Mwenye kwenda mjini hupita karibu na uwanja, kisha hulazimika kurudi tena kwa njia yenye msongamano. Hapo stesheni achukue teksi, apatane bei kabla mlango haujafungwa, aende moja kwa moja.

Mtu aweza kuuliza kwa nini reli haikuingia uwanjani. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1958, ukiitwa Embakasi. Mwaka huo huo huko Uingereza ulifunguliwa upya uwanja wa Gatwick, na stesheni ya reli ilijengwa pamoja nao, hata abiria aliweza kushuka garini na kuingia katika jengo la ndege bila kulowa mvua. Afrika Kusini ilifanya vivyo hivyo mwaka 2010, reli ya Gautrain ilipounganisha Sandton na uwanja wa O.R. Tambo. Hapa petu reli mbili zimejengwa kwa nyakati mbili, moja kabla ya uwanja na nyingine baada yake, na zote zimepita kando. Gharama ya kipande hicho kidogo kisichojengwa hulipwa na kila abiria, kidogo kidogo, kwa wenye teksi.

Akishuka Jeddah, bibi wa Majengo atayaona mambo hayo kwa upande wake wa pili. Reli ya Haramain ilianza kuchukua abiria mwaka 2018. Ina urefu wa kilomita zipatazo 450 kutoka Makka, kupitia Jeddah na uwanja wake wa ndege, hata Madina, na magari yake ya umeme huenda kwa mwendo wa hadi kilomita 300 kwa saa. Wenye kujua tarikh watakumbuka reli ya Hijazi ya Waturuki, iliyotoka Damascus ikafika Madina mwaka 1908, wala haikufika Makka. Hii imefika. Kutoka uwanjani hata Makka ni chini ya saa moja, na hata Madina ni muda wa saa mbili hivi. Saa ya mkononi haina haja ya kugeuzwa, kwani saa za Kenya na za Saudia ni sawasawa.

Lakini viungo viko huko pia. Stesheni ya uwanjani imeshikamana na jengo jipya, nalo si jengo la pekee. Msafiri aulize mapema ndege yake hutua wapi, kwa maana kutoka majengo mengine yampasa kuchukuliwa na gari. Stesheni ya Makka iko mtaa wa Rusayfah, kilomita chache kutoka Msikiti Mtakatifu, na ya Madina nayo iko mbali na Msikiti wa Mtume. Kwa hiyo hata huko haifai kupanga sala ya jamaa kwa kutazama saa ya gari kufika tu. Wa Hija, ambao huongozwa na vikundi vyao, husafirishwa kama walivyopangiwa. Maneno haya yawahusu zaidi wa Umra wanaojisafirisha.

Na liko jambo ambalo vitabu vya ratiba havilitaji. Basi litokalo Madina kwenda Makka husimama Dhul-Hulaifa, mahali paitwapo pia Abyar Ali, ili watu wahirimie. Gari la moshi halisimami hapo. Mwenye kuchagua reli na aoge na avae ihramu yake kabla ya kutoka chumbani, na nia aitie njiani kama atakavyoelekezwa na shehe wake. Hali kadhalika atokaye Nairobi akaenda Makka kwanza: mikati huipita angani, kwa hiyo nguo zisiwe katika sanduku lililokwisha kuingizwa tumboni mwa ndege.

Marejeo nayo yana hesabu yake, na watu huisahau kwa furaha ya kurudi. Ndege ikitua Nairobi asubuhi, gari la saa mbili karibu hakika litakuwa limeondoka kabla pasi hazijapigwa mihuri na dumu la zamzam halijapatikana. Tikiti ya reli ya kurudia, basi, na ikatwe ya saa tisa alasiri. Anayechagua gari la usiku atashushwa Miritini kabla ya alfajiri, wakati ambapo matatu ni chache na bei ya teksi huamuliwa na mwenye teksi. Huyo na aandike mapema nyumbani ni nani katika jamaa atakayekuja kumpokea, na tarehe ya mwezi iandikwe pamoja na jina la siku.