Mkebe wa Mjomba

Kabla ya mjomba kuleta mkebe wake, shangazi alipika kila pipa la kangara mara mbili. Kangara yake ilikuwa ya unga wa mahindi, kimea cha wimbi na sukari nguru iliyotoka kwenye vinu vidogo vya miwa vya jirani. Aliiacha ichachuke mpaka povu lake likatulia, kisha akaimimina katika pipa la lita 200, akilijaza robo tatu tu ili isifurike ikianza kuchemka. Juu ya pipa kulikuwa na paipu ya shaba iliyopita ndani ya hori la maji ya mto, na mwisho wa paipu dumu lililosubiri matone.

Mpiko wa kwanza ulitoa kitu chepesi, chenye ukungu na harufu ya mahindi mabichi. Wateja walikuwa wakikikataa. Shangazi alikikusanya, akaosha pipa, akakirudisha humo na kuwasha moto upya. Mpiko wa pili ndio uliotoa chang'aa. Maana yake ni kuni mara mbili, maji ya kupozea mara mbili, na usiku mzima kando ya mto Nzoia, magharibi ya Kenya, kwa sababu mchana moshi ungetuuza kwa chifu.

Kuni tulizileta sisi watoto, wasichana kuliko wavulana. Nikikumbuka miaka ile ya themanini, kitu cha kwanza kinachonijia ni shingo za binamu zangu zikiwa zimekakamaa chini ya mizigo ya mkaratusi. Pombe ile ndiyo iliyowalipia karo. Shule ilikuwa inawasubiri asubuhi, na wao walifika wakiwa wamechoka.

Mjomba alifanya kazi kwenye boila za kiwanda kimoja cha sukari. Hakuwa mnywaji, na sidhani aliipenda biashara ya shangazi. Lakini alikuwa mtu asiyevumilia kuona moto ukipotea bure. Jioni moja alisimama akilitazama hori likitoa moshi wa maji ya moto, akatia mkono akautoa haraka.

"Shemeji," akamwambia shangazi, "mvuke huu unaupoza mapema. Bado una kazi."

Wazo lile alilitoa kiwandani. Juisi ya miwa hupunguzwa maji katika vyombo vikubwa vilivyopangwa mstari, na mvuke unaotoka chombo cha kwanza ndio unaochemsha cha pili, na wa cha pili huchemsha cha tatu. Moto mmoja hufanya kazi ya mioto kadhaa. Mtambo huo ulibuniwa na Norbert Rillieux, mhandisi wa Louisiana aliyezaliwa na mama Mweusi aliyekuwa huru, akapata hataza yake ya kwanza mwaka 1843, wakati watu weusi wengi wa jimbo lile walikuwa bado watumwa katika mashamba ya miwa. Mjomba hakulijua jina hilo. Aliujua mtambo kwa sababu aliusafisha kila msimu.

Alichotuletea kilikuwa mkebe wa maziwa wa alumini, wa lita 50, wa aina ile wafugaji hupelekea maziwa kwenye ushirika. Kipimo hicho hakukichagua ovyo. Pipa likibeba lita 150 za kangara, chombo cha pili kinatakiwa kiwe kama theluthi ya hapo. Kikiwa kidogo mno, mvuke hukijaza maji kabla kazi haijaisha. Kikiwa kikubwa mno, mvuke hupoteza joto lake lote humo na hakuna kinachotoka. Alitoboa kifuniko matundu mawili. Katika la kwanza alipitisha paipu inayotoka kwenye pipa, akaishusha mpaka vidole viwili kutoka chini ya mkebe, na ncha yake akaikata kwa msumeno iwe na meno ili isizibwe na kitu. Katika la pili akaweka paipu fupi, iliyoishia chini kidogo ya kifuniko, ikielekea kwenye hori. Akazibana zote kwa nati, kisha nyufa akaziba kwa unga wa ngano uliokandwa. Mpira aliukataa kabisa, kwa sababu spiriti ya moto huulainisha na kuubeba mpaka kwenye kikombe cha mnywaji.

Mkebe wenyewe hauwashiwi moto. Hilo lilimshangaza shangazi kuliko yote. Ndani yake mlitiwa lita kama 15 za mkia, yaani yale maji ya mwisho ya mpiko uliopita, ambayo yana spiriti kidogo na zamani tuliyamwaga mtoni. Mvuke ukitoka pipani huingia chini ya mkia huo, ukapoa na kuacha joto lake humo. Joto likizidi, mkia nao huanza kuchemka, na mvuke wake ndio unaokwenda horini. Kwa hiyo pombe inapikwa mara mbili kwa moto mmoja.

Hesabu yake niliielewa miaka mingi baadaye, nilipoanza kufundisha kemia. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye 100, lakini vikichanganyika huchemka pamoja mahali fulani katikati, na mvuke hubeba vyote viwili, spiriti ikizidi. Kangara yenye spiriti asilimia 8 hutoa mvuke ambao mwanzoni karibu nusu yake ni spiriti, kisha hupungua kadiri pipa linavyochoka. Mchanganyiko wenye asilimia 30 hutoa mvuke unaokaribia asilimia 70. Mkebe ni ngazi ya pili ya kupandia. Mfaransa Édouard Adam alipata hataza ya mpango wa namna hiyo mwaka 1801 akiwa Montpellier, kwa vyombo vya shaba vyenye umbo la yai, na wapikaji wa ramu wa Jamaika wanatumia vyombo viwili vya ziada mpaka leo. Nilipoyasoma hayo nilimfikiria mjomba, ambaye aliishia darasa la saba.

Usiku wa kwanza tulisikia sauti kabla ya kuona tone. Du. Kimya. Du, du. Mkebe ulipiga kama moyo wa mtu aliyekimbia, na shangazi akarudi nyuma akidhani unapasuka. Mjomba akatueleza kwamba mvuke ukikutana na maji baridi hujikunja ghafla, na maji hugongana kuziba nafasi yake. Mkia ulipopata moto wa kutosha mapigo yalikaribiana, yakawa mchemko wa kawaida, na baada ya muda matone yakaanza. Tangu hapo shangazi aliendesha moto kwa masikio. Mkebe ukitoa vishindo vizito, alivuta kuni nje.

Kikombe cha kwanza alikimwaga, kama alivyomwaga siku zote. Tulikiita kichwa. Kilichofuata kilikuwa cheupe kama maji ya chemchemi, hakina ukungu, na kilishika moto wa buluu. Wateja walimwuliza amebadilisha nini. Hakusema. Alichobadilisha kwetu sisi ni kwamba alfajiri tulikuwa kitandani.

Mtambo ule ulikuwa na hatari moja, na tuliiona usiku ambao kijana alikuja mbio kusema askari wa utawala wako njiani. Shangazi alimwagia moto maji. Pipa lilipopoa, mvuke ndani yake ukawa maji, likabaki tupu kwa juu, na likavuta mkia wote kutoka mkebeni kupitia paipu ile ndefu. Askari hawakutokea, lakini mpiko uliharibika, na pipa lenyewe lilibonyea ubavuni. Mjomba alitoboa tundu juu ya pipa, akalichongea kizibo cha mti na kukizungushia unga. Moto ukizimwa, kizibo kinatolewa kwanza ili hewa iingie. Na paipu ikiziba huku moto unawaka, mvuke hukirusha kizibo badala ya kupasua pipa. Kizibo kile cha mti ndicho naona kilikuwa kipande bora kuliko vyote.

Shangazi alikuwa na miiko yake pia. Pipa lililowahi kubeba dawa ya mimea halikuingia uani kwake, hata lingetolewa bure. Rejeta ya gari, ambayo wengine waliipenda kwa kupozea kwa sababu imejaa mirija tayari, aliikataa tangu mjomba alipomwambia kwamba zile za shaba zimelehemiwa kwa risasi. Na hakuwahi kutia kitu katika pombe iliyokwisha kupikwa.

Nasisitiza jambo hilo kwa sababu ya yaliyotokea baadaye. Chang'aa ilikuwa imepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, na sheria ile haikumtofautisha aliyemwaga kichwa na aliyekiuza. Mitambo ilivunjwa yote sawasawa. Mkebe wa mjomba nao ulikwenda hivyo, ukatobolewa kwa sururu mbele yetu. Mtu anayejua kwamba chombo chake kitavunjwa wakati wowote hawekezi katika shaba. Anachukua kinachopatikana. Na mwuzaji wa mjini anayetaka pombe yake iume bila gharama ya kuni huongeza kemikali za viwandani. Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Methanoli ile haikutoka katika mahindi wala sukari nguru, kwa maana uchachu wa vitu hivyo hutoa kiasi kidogo sana. Iliongezwa na mkono wa mtu. Moto wa buluu, ambao wanywaji wengi huuamini, hauonyeshi chochote kuhusu hilo, kwa sababu methanoli nayo huwaka buluu.

Mwaka 2010 chang'aa iliruhusiwa tena kupitia sheria mpya. Lakini sheria hiyo ilitaka leseni, viwango, na chupa ya glasi isiyopungua mililita 250 yenye maonyo. Hakuna mwanamke wa kando ya Nzoia ninayemfahamu aliyeweza kuyatimiza hayo. Shangazi alikuwa ameacha kupika, na mjomba alikuwa amefariki.

Leseni za vileo sasa ziko mikononi mwa kaunti. Kaunti inayoweza kumtoza ushuru mama wa nyanya sokoni inaweza pia kutuma fundi amkague mpishi wa chang'aa pipa na paipu zake, kupima pombe yake kama ina methanoli au risasi, na kumpa kibali cha bei anayoweza kuilipa. Wawakilishi wa wadi wa magharibi ya Kenya wanaijua kazi ya kupika chang'aa vizuri, na huenda baadhi yao walisomeshwa nayo. Naomba waipeleke hoja hiyo katika mabunge yao.