Motakaa Ndogo na Uzao Wake

Mtu aendaye Lokori, karibu na mto Kerio katika nchi ya Turkana, hana budi kuvuka mchanga mwingi na makorongo makavu. Kwa miaka mingi Land Rover ilisifiwa sana katika safari za namna hiyo. Lakini ni wachache wajuao kwamba katika nasaba yake imo motakaa ndogo ya Kiingereza iliyoitwa Austin Seven.

Mwaka 1921 kampuni ya Bwana Herbert Austin, huko Longbridge, ilielemewa na madeni hata ikawekwa chini ya usimamizi kwa ajili ya wadai. Siku zile Mwingereza mwenye kipato kidogo alipanda pikipiki yenye kiti cha ubavuni, na serikali ilitoza motakaa kodi ya paundi moja kwa kila nguvu ya farasi. Austin aliazimu kuunda motakaa kamili ambayo mtu huyo angeweza kuinunua na kuitunza. Wakurugenzi wenzake walipokataa, alimchukua kijana mchoraji wa miaka 18, Stanley Edge, wakafanya kazi ya kuichora nyumbani kwake. Motakaa ikatangazwa mwaka 1922.

Uzito wake ulikuwa kilo 360 hivi. Fremu yake ilifanana na herufi A, ncha ikielekea mbele, na springi moja ilikingama juu ya mhimili wa mbele. Wakati motakaa nyingi ndogo zilikuwa na silinda mbili tu, hii ilipewa silinda nne zilizopozwa kwa maji. Ujazo wa injini ulikuwa sentimita za ujazo 696, na tangu 1923 ukawa 747, nayo ilitoa nguvu za farasi kama kumi. Magurudumu yote manne yalikuwa na breki: za nyuma zilikanyagwa kwa mguu, za mbele zilivutwa kwa mkono, mpaka zilipounganishwa mwaka 1930. Hata hivyo breki hizo zililaumiwa kuwa dhaifu.

Hadi mwaka 1939 zilikuwa zimeundwa karibu 290,000. Katika Ujerumani, kampuni ya BMW ilianza kazi ya motakaa kwa kuunda Austin Seven kwa ruhusa. Katika Marekani, kampuni iliyoanza kwa kuunda motakaa hiyohiyo ilipata jina la Bantam, na mwaka 1940 ikatengeneza jipu la kwanza la jeshi. Baada ya vita, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alitumia jipu shambani mwake, akapata wazo la Land Rover, iliyoonyeshwa mwaka 1948.

Austin Seven yenyewe, iliyosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma tu, haikuumbwa kwa mchanga wa Kerio. Iliumbwa kwa barabara za kwao na kwa mfuko mwembamba. Basi mkulima au karani atakaye kununua chombo aanze na swali lililoizaa motakaa hiyo: je, mwenye fedha kidogo aweza kukitunza, na njia yake yakifaa?