Kilichotuvuta Dar

Nilipokuwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1980, aliyetoka Dar es Salaam tulimtambua kwa harufu kabla hajafungua mzigo. Alinukia sabuni ya kuogea. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, nchi imeishiwa fedha za kigeni, na duka la kijiji chetu, kati ya Makambako na Njombe, lilikuwa na rafu tupu na karani mwenye orodha ya kaya zinazongoja mgao wa sukari. Nyumba nyingi zilifua kwa maji ya majivu. Basi Desemba ikifika, baba mdogo akishuka kwenye lori na begi lake, kijiji kizima kilipata sababu ya kupita kwetu kutoa salamu. Kamwene, kamwene, habari za Dar? Ndani ya begi mlikuwa na miche ya sabuni, doti ya kanga ya bibi, betri za redio, na mikate iliyokauka njiani ambayo sisi watoto tuliigombania hivyo hivyo.

Kumbe huko Dar nako watu walikuwa wakipanga foleni kwa ajili ya sabuni hiyo hiyo. Baba mdogo alibeba mizigo sokoni Kariakoo, na kila alichopata alikiweka kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi, ili begi lijae. Hakulisema hilo, na hakuna aliyemwuliza. Sisi tuliona begi.

Kingine kilichotuvuta kilikuja kwa redio. Jioni za mwisho wa wiki Radio Tanzania ilipiga muziki wa dansi: Mlimani Park, JUWATA, Maquis. Nilizijua Magomeni, Ilala na Kinondoni kwa masikio miaka mingi kabla ya kuziona kwa macho. Kijijini giza likiingia, siku imekwisha. Watu wanakaa motoni, wanaume wanakunywa pombe, baridi ya Julai inapenya mpaka kwenye mifupa. Redio ilituambia kwamba kuna mahali ambapo saa hizo watu ndio kwanza wanavaa viatu watoke.

Mwaka 1983 baba mdogo alikuja nyumbani bila begi, na haikuwa Desemba. Sheria ya nguvu kazi ilikuwa imepita, na jijini ulifanyika msako wa watu wasio na ajira rasmi. Aliyekosa kitambulisho cha kazi alirudishwa kwao au kupelekwa mashambani. Yeye alikamatwa na kupakiwa pamoja na wenzake. Bibi alimpokea kwa furaha, akamwonyesha shamba la mahindi, akamwambia ardhi ipo na mvua inanyesha. Alilima mpaka palizi ya pili, halafu asubuhi moja tukakuta kitanda kitupu. Alikuwa amerudi Dar. Shamba lilitoa mavuno mara moja kwa mwaka, na fedha ya mahindi iliweza kuchelewa mpaka msimu mwingine ukaingia. Kariakoo alilipwa jioni ile ile aliyobeba mzigo. Kwa kijana asiye na akiba, tofauti hiyo ni kubwa kuliko hotuba yoyote.

Waliofanya kama yeye walikuwa wengi, na sensa zinaonyesha. Dar ilikuwa na watu wapatao 273,000 mwaka 1967, zaidi ya 843,000 mwaka 1978, na milioni 1.36 mwaka 1988.

Mimi niliondoka katikati ya miaka ya 1990, nimemaliza kidato cha nne. Wakati huo begi la Desemba lilikuwa limepoteza nguvu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, sabuni na mitumba vilijaa Makambako, na ukiwa na fedha ulinunua. Nilichokifuata mimi kilikuwa kazi, na masomo ya jioni niliyosikia kwamba mtu anaweza kuyasoma huku anafanya kazi. Kulikuwa na jambo jingine pia. Nyumbani walikuwa wameanza kuzungumzia mchumba ambaye mimi sikumchagua. Hakuna aliyenilazimisha, ila nilijua kwamba nikikaa mwaka mmoja zaidi, mambo yangeamuliwa kwa upole mpaka yakaisha bila mimi kusema neno.

Nilipanda treni ya TAZARA, daraja la tatu. Anayeijua safari hiyo anakumbuka jinsi inavyoshuka kutoka Makambako kwenda Mlimba, handaki baada ya handaki, daraja baada ya daraja, na kila handaki ukilitoka joto limeongezeka kidogo. Unapanda na sweta, ukifika bonde la Kilombero umeshalivua, na dirishani wanakuuzia ndizi, wali na samaki wa kukaanga. Mbele zaidi, kwenye pori la Selous, niliwaona twiga kwa mara ya kwanza.

Shangazi alinipokea stesheni. Alikuwa mama lishe, na chumba chake kilikuwa Buguruni, katika nyumba ya Kiswahili ya kawaida: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na jiko uani, na kila mlango familia yake. Maneno yake ya kwanza nayakumbuka. "Mwanangu, mjini hawali usingizi. Kesho saa kumi tunaamka." Saa kumi alfajiri tukaamka kweli. Mtoto wa nyanda za juu niliyezoea ugali na viazi nilijifunza kukuna nazi kwenye mbuzi, kupima mchele kwa kopo, kumjua mteja wa mkopo anayelipa na asiyelipa. Maji tulinunua kwa dumu, na siku yalipokosekana hatukupika, maana yake hatukupata kitu. Jua la Februari lilinitesa kuliko baridi yoyote ya Njombe.

Lakini jioni nilivuka barabara nikaenda darasani kujifunza kupiga chapa, na baada ya muda nikapata kazi ya uchapaji, nikalipwa mshahara. Kwa mshahara huo nikapanga chumba. Mpaka leo nikieleza kwa nini watu huenda mjini, naanza na chumba hicho. Kilikuwa kidogo, bati likivuja upande wa dirisha, na kodi ililipwa ya miezi sita kwa mkupuo. Ila kufuli lilikuwa langu. Nilisoma mpaka usiku wa manane bila mtu kuniuliza taa inawakia nini. Kijijini nilikuwa binti wa fulani, mjukuu wa fulani, na kila nilikopita taarifa zilitangulia nyumbani. Dar hakuna aliyenijua, na kutojulikana huko kulinipa nafasi ya kuamua mimi ni nani. Mwanamke aliyekulia kijijini atanielewa haraka kuliko mwanaume.

Tangu hapo mambo yamegeuka upande wa nyumbani kuliko upande wa Dar. Televisheni zilianza bara mwaka 1994, baadaye zikafika kwetu. Simu za mkononi zikaja, na kuanzia 2008 fedha zikatumwa kwa simu, hivyo hata mtoto wa mjini hakulazimika tena kushuka na begi. Umeme umefika kijijini. Njombe ikawa mkoa mwaka 2012. Na kilichobadilisha hesabu zaidi ya vyote ni mashamba ya miti ya mbao na parachichi. Wanunuzi sasa wanafika shambani wenyewe. Vijana wa umri aliokuwa nao baba mdogo alipotoroka palizi leo wanajenga nyumba za matofali ya kuchoma.

Nadhani hata sensa zimeanza kuliona hilo. Kati ya 2002 na 2012 Dar iliongezeka kutoka watu milioni 2.5 hadi milioni 4.36, wastani wa asilimia 5.6 kwa mwaka. Katika miaka 10 iliyofuata ilifika milioni 5.38, wastani wa asilimia 2.1 tu. Sisemi jiji limeacha kuvuta. Sehemu ya watu wake wamesukumwa nje na bei ya viwanja, wakaenda Kibaha na Mkuranga, na Mkoa wa Pwani katika miaka hiyo hiyo ulitoka milioni 1.1 hadi zaidi ya milioni 2. Ila kasi ile ya zamani imepungua.

Mwana wa kaka yangu alikuja kwangu akauza viatu Kariakoo, akiamka usiku kutoka Chanika ili awahi gari. Mwishoni mwa 2021, wamachinga walipohamishwa kutoka kando ya barabara, alikaa wiki chache akipiga hesabu, halafu akaniambia, "Shangazi, Dar fedha inaonekana lakini haibaki." Amerudi, ana miche ya parachichi. Binti wa mdogo wangu yeye hataki kusikia habari ya kurudi. Anapanga chumba kama nilivyopanga, anauza nguo kwa simu. Nilipomwambia kwamba nyumbani sasa kuna umeme na fedha, alinijibu, "Mama mkubwa, kule kila anayenisalimia ananiuliza naolewa lini." Parachichi halijajibu swali hilo, na mpaka litakapojibiwa wasichana wataendelea kupanda basi.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu tunaoishi Dar: kijana wa nyumbani akipiga simu kuuliza kama aje, msimtishe na msimpambie. Mwambieni chumba kinalipiwa miezi sita au mwaka kabla hujaingia, na dalali naye anadai kodi ya mwezi mmoja. Mwambieni nauli, bei ya maji, na saa ya kuamka. Mwambieni pia jiji limewapa nini ambacho nyumbani hamkukipata. Akishasikia yote akasema bado anakuja, mtafutieni godoro.